Ukuta wa Salamu

Asubuhi hiyo fimbo ililia nyuma ya madarasa, fyuu, pa!, na shule nzima haikuwa na fimbo hata ya kufukuzia kuku.

Wanafunzi walikuwa wamejipanga mstarini, mkuu wa shule akiwahubiria juu ya usafi wa soksi. Mwalimu wa nidhamu alisimama pembeni, mikono kifuani, akiwaza chai. Aliposikia mlio ule shingo ilimgeuka yenyewe. Aliujua. Aliutoa kwa mkono wake tangu siku alipoajiriwa, na kabla ya hapo aliupokea mgongoni, maana mama yule hakwenda mbali maishani: alisoma shule hiyo, akaenda chuo cha ualimu, akarudi shule hiyo hiyo kama mtu aliyesahau mwavuli. Wanafunzi walimwita Umeme, na si kwa sababu aliwaangazia.

Alimsogelea kiranja mkuu, mvulana mrefu asiye na nyama, aliyeitwa Twiga.

"Nani yuko nyuma huko?"

"Hakuna mtu, Madamu. Labda mlango wa stoo."

"Mlango wa stoo unalia pa?"

"Unalia kiii, Madamu."

"Basi nyamaza."

Fimbo hazikuwapo kwa sababu mkuu mpya alizichoma. Alikuwa kijana wa tai nyembamba, amekuja muhula huo na maneno mazuri. Alikusanya fimbo zote, akazimwagia mafuta ya taa kwenye shimo la taka, na wanafunzi wakashangilia hadi wengine sauti zikakauka. Umeme alizitoa zake bila ubishi. Bega la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Usiku alilala kwa ubavu wa kushoto tu, na asubuhi kuvaa blauzi kulikuwa vita. Alifurahi kupumzika, ingawa hakumwambia mtu.

Baada ya fimbo mkuu aligeukia ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa darasa la kwanza kabisa kujengwa hapo, na historia yake kila mwanafunzi aliijua, kwani ilisimuliwa kila walipopokewa wageni wa kidato cha kwanza, na watu walicheka kila mara mahali pale pale. Zamani palikuwa pori pembezoni mwa mji. Wazazi wakabeba mchanga na matofali, wakajenga darasa moja. Asubuhi wakakuta ukuta umelala chini. Wakaujenga tena, ukalala tena. Fundi mmoja akaangukiwa, akavunjika kiuno, akaondoka akisema mahali hapo pana mwenyewe. Mkuu wa kwanza wa shule, aliyeitwa Nyundo, hakuwa mtu wa kuambiwa pana mwenyewe. Siku ya kuujenga tena, mvulana aliyetumwa maji alichelewa. Nyundo akamwambia aweke viganja kwenye lipu mbichi, akamchapa hapo mbele ya wazazi wake mpaka mtoto akajikojolea, na damu ikamchirizika hadi kwenye msingi. Kesho yake ukuta ulikuwa umesimama.

"Hata ukuta ulimwogopa Nyundo!" Hapo ndipo watu walipocheka.

Tangu siku hiyo kila aliyechelewa alichapiwa pale, viganja ukutani, kichwa chini. Miaka ikapita, mikono ikapita, lipu ikalika. Vikabaki vishimo vya viganja, vikubwa kwa vidogo, vimepandana kama nyayo za mbuzi mtoni. Kuchapwa kukaitwa kuusalimia ukuta. Hakuna aliyemaliza shule ile bila kuusalimia, kwa maana hakuna mtoto asiyechelewa hata siku moja.

Isipokuwa mmoja. Umeme alikuwa na binti yake kidato cha pili, mtoto wa mwisho, na nyumbani walimwita Kitinda. Usingizi ulikuwa ndio kazi yake. Alichelewa kuliko watoto wote wa shule, lakini getini hakuonekana. Mama yake alimpa ufunguo wa mlango mdogo wa nyuma, unaopita kwenye choo cha walimu. Watoto wa wenzake wakisalimia ukuta na kulia, wake anajipenyeza darasani na kitabu usoni. Wanafunzi wenzake walijua. Walimwita Mheshimiwa wa Chooni.

"Mheshimiwa, barabara yako leo ina foleni?" walimuuliza.

"Ina harufu kama midomo yenu," aliwajibu. Ulimi aliurithi.

Sasa, kwa ajili ya sherehe ya kuadhimisha kuanzishwa kwa shule, mkuu mpya aliita fundi, vishimo vikazibwa, ukuta ukapakwa rangi ya maziwa. "Aibu imefunikwa," alisema. Siku iliyofuata ndiyo asubuhi ile fimbo ilipolia bila mwenyewe.

Mchana viganja vilirudi. Havikuja kama vishimo. Vilijitokeza juu ya rangi kama jasho, kimoja hapa, kimoja pale, hadi ukuta wote ukawa umelowa mikono. Fundi akasema ni unyevu, akapaka upya. Vikarudi kabla hajaosha brashi. Umeme alikwenda kuangalia akanusa harufu ya fimbo mbichi iliyotoka kubanduliwa gome, utomvu mtamu unaokaa puani. Aligusa unyevu kwa kidole, akauonja kabla ya kujizuia. Chumvi.

"Unyevu gani una chumvi?" alimuuliza fundi.

Fundi alikusanya ndoo zake, hata malipo hakudai.

Siku ya Ijumaa, kipindi cha kujisomea, Twiga alikuwa amesimama mbele ya kidato cha pili kuwanyamazisha. Wanafunzi walieleza baadaye, kila mmoja kwa machozi yake, kwamba walisikia fyuu kwanza, na Twiga akatabasamu akidhani kuna mtu anatania kwa mdomo, kisha shati lake likapasuka mgongoni kutoka bega hadi kiunoni kana kwamba limechanwa kwa wembe, na kabla hajageuka likapasuka tena, na nyama iliyokuwa chini ya shati ikapasuka pia. Alipiga magoti. Akajaribu kuingia chini ya meza ya mwalimu. Kitu kikamburuta kwa mguu na kumtoa, kikaendelea. Darasa zima lilikimbilia mlangoni, likakanyagana. Msichana mmoja alivunjwa vidole na viatu vya wenzake.

Aliyebaki amekaa kwenye dawati alikuwa Kitinda peke yake. Alikuwa amelala, kama kawaida yake, kichwa juu ya mikono. Kisha akakiinua.

Umeme alikuwa ofisini kwa mkuu, wakibishana kuhusu fundi, mlango ulipogonga ukuta. Kitinda aliingia na mguu wa kiti, ule wa chuma, akiukokota sakafuni. Macho yake yalikuwa wazi lakini hakuna aliyekuwa akiyatumia.

"We mtoto," mama yake alisema, "nani amekuruhusu kuingia hivyo? Huna hodi?"

Msichana hakumwangalia. Alimwendea mkuu, akanyanyua chuma kwa mkono mmoja, yule mtoto aliyekuwa akilalamika ndoo ya maji ni nzito, akakishusha. Mkuu aliinua mkono kujikinga. Umeme alisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu, kama chaki. Chuma kikapanda tena, kikampata mkuu juu ya sikio, tai yake nyembamba ikalowa damu. Umeme alimrukia binti yake mgongoni, akamkumbatia, wakaanguka wote wawili, akamkalia. Chini yake mwili wa mtoto ulikuwa wa moto kama sufuria.

"Kitinda! Ni mimi, mama!"

"Najua ni wewe," ilijibu sauti kutoka kinywa cha binti yake, sauti ya mtu mzima aliyechoka kusubiri. "Wote wamenisalimia. Wewe umenisalimia, viganja vyako ninavyo. Huyu hajanisalimia."

Walimfunga kwa mikanda na kamba ya bendera, wakampakia kwenye gari la mwalimu wa michezo kumpeleka hospitali. Gari lilipofika getini, Kitinda alipiga ukelele wa kitoto, wake mwenyewe, na mgongo wake ukaanza kufunguka, mchirizi juu ya mchirizi, sare ikawa nyekundu mbele ya macho yao na hakuna mkono uliomgusa. Dereva alirudisha gari nyuma. Michirizi ikaacha. Akajaribu tena kwenda mbele.

"Rudi!" Umeme alipiga kelele. "Rudi, utaniulia!"

Basi walimlaza kwenye chumba cha walimu, juu ya meza mbili. Walimu wenzake, waliokuwa wakimsifu kwa ukakamavu wake, wote walikumbuka shughuli nyumbani. Mkuu alikwenda hospitali pamoja na Twiga, akafungwa plasta, na kwa heshima yake ni lazima isemwe kwamba asubuhi ya Jumamosi alirudi, kichwa na mkono vimefungwa, pamoja na mganga.

Mganga alikuwa mzee wa makamo, mnene, mwenye kikapu na uso wa mtu anayejua bei ya kazi yake. Alimwangalia Kitinda mara moja, akanusa hewa, akauliza ukuta uko wapi.

"Nani amekuambia kuna ukuta?" Umeme aliuliza.

"Mama, ananukia lipu mbichi. Nionyeshe."

Walimbeba Kitinda wakamlaza chini kwenye ujia wa darasa la zamani. Jua lilikuwa kali, shule tupu, hata kunguru hawakuwapo. Viganja juu ya rangi ya maziwa vilikuwa vimeiva, vina mistari, vina kucha. Mganga aliwasha ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, akizunguka na chetezo. Moshi ulikwenda ukutani ukaingia ndani kama maji kwenye mchanga. Mganga akaona, akaacha kusoma.

Ndipo makofi yalipoanza. Kwanza ilikuwa kama mtu mmoja anayegonga ukuta kwa ndani, taratibu, kwa kiganja kitupu, na Umeme alitaka kujiambia ni mjusi, ni bati linalotanuka kwa jua, halafu wakawa wawili, halafu wakawa darasa, halafu wakawa shule nzima, watoto wote waliowahi kuinama pale tangu siku ya Nyundo, wanapiga, wanapiga, lipu inatetemeka na rangi inaanguka kwa vipande, na katikati ya makofi yale fyuu ikapita juu ya vichwa vyao na mganga akapigwa usoni, mdomo ukachanika, akapigwa mgongoni, akaenda chini kwa mikono na magoti, chetezo kikabiringika, akapigwa kwenye nyayo alipojaribu kutambaa, na mzee yule mnene akalia "Basi, mwalimu, sirudii tena!" kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi.

Makofi yakakoma. Mganga alitema jino.

"Mfukuze!" mkuu alimwambia. "Si ndiyo kazi yako?"

"Nimfukuze aende wapi?" Mganga alijifuta mdomo. "Huyu hakuingia kwenu. Ninyi ndio mlioingia kwake, na mtu wenu wa kwanza alimwonjesha. Amelishwa kila asubuhi. Mmemnyima ghafla, naye ana njaa, anamtaka yule aliyefichwa." Akamgeukia Umeme. "Anamtaka mtoto ukutani, mama. Na anataka mkono wako."

"Kwa nini wangu?"

Kitinda ndiye aliyejibu, amelala chali, midomo haiendi sawa na maneno. "Kwa sababu ndio uliomficha. Watoto wa watu uliniletea. Ulikuwa hata husikii wanasema nini."

Umeme hakuwa mtu wa kulia. Alivua saa, akaiweka mfukoni. Akaenda ukutani, akaweka viganja vyake, akainamisha kichwa.

"Nichape mimi," alisema. "Mpaka ushibe. Nimekula chumvi nyingi kuliko yeye, nina damu ya kutosha."

Kutoka upande wa ndani, viganja viwili vilikuja vikagusa vyake, vidogo, vya moto, vya msichana. Alivitambua. Kidole cha pete kilikuwa kimepinda, kama chake mwenyewe tangu alipokiangukia utotoni. Vilimpapasa mara mbili kwa upole, kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa, kisha vikamsukuma.

Nyuma yake Kitinda alianza kukohoa damu.

"Anammaliza," mganga alisema. "Mama, kama unafanya, fanya."

"Fimbo ziliungua," Umeme alisema. Lilikuwa neno la kijinga na alilijua.

Ukuta ulipasuka. Ufa mwembamba ulifunguka katikati ya viganja, na ndani yake ikachomoza ncha nyeupe, imebanduliwa gome, inatoka utomvu. Harufu ile ikawajaa. Umeme aliishika, akaivuta, ikaja kwa shida na kwa mlio wa unyevu, kama mfupa unapotolewa kwenye nyama isiyoiva. Ilimkaa mkononi kama iliyopimwa.

Mkuu na mganga walimfungua Kitinda, wakamsimamisha. Msichana alikwenda mwenyewe ukutani. Akaweka viganja. Akainamisha kichwa, na chini ya nywele, pale shingoni, mama yake aliona alama ya kuzaliwa aliyokuwa akiibusu alipomwogesha.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, akapiga.

Na yaliyofuata aliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka mvua akiwa ndani: kwamba kulikuwa na kelele nje, kwamba makofi yalirudi na safari hii yalikwenda sawasawa na mkono wake, kwamba alihisi joto tamu likitoka kwenye fimbo kupanda kiwiko hadi begani, kwamba kuna kitu kilimng'ang'ania mguuni na akakipiga teke, kuna kitu kilimvuta blauzi na akakitupa, kwamba ukuta ulikuwa ukikauka, kiganja kimoja baada ya kingine kikifutika kama pumzi kwenye kioo, na alikuwa na haraka ya kuvimaliza vyote, kwa ajili ya mtoto wake, kwa ajili ya mtoto wake, hadi kikabaki kiganja kimoja kipya, kidogo, na fimbo ikamtoka yenyewe.

Kitinda alikuwa chini. Alikuwa anapumua. Ukuta ulikuwa mweupe, mkavu. Getini alivuka kwenye machela, na mgongo wake haukufunguka mchirizi mwingine. Haukuwa na nafasi.

"Umemwokoa," watu walimwambia Umeme hospitalini. Mganga hakusema hivyo. Alikuwa na jicho moja limefumba na hakuchukua ujira. Mkuu naye alimpita kwenye ujia wa hospitali akiwa amejibana kwenye ukuta wa pili.

Wiki kadhaa zilipita, Kitinda akarudi nyumbani. Jumapili jioni mama yake alimwosha mgongo kwa maji ya vuguvugu, taratibu, kitambaa laini. Msichana alikuwa amelala kifudifudi. Hakuwa msemaji tena.

"Mama."

"Nyamaza, usijichoshe."

"Lilitoka fimbo ya kwanza."

Kitambaa kilisimama. "Nini kilitoka?"

"Lile lidude. Ulipopiga ya kwanza tu, lilinitoka, nikawa mimi. Nikakuita. Nikasema mama, limetoka, ni mimi, mama." Alisema bila kulia, kama anayesoma kitabu cha mtu mwingine. "Mganga alikushika mguu, ukamtoboa jicho kwa kiatu. Mkuu alikuvuta kwa mkono wake mzima, ukamtupa juu ya ngazi. Mimi nilikuwa naita tu."

"Si kweli. Lilikuwa bado linapiga makofi. Nilisikia."

"Hakuna makofi yaliyopigwa, mama. Ulikuwa unapiga peke yako."

Umeme alikamua kitambaa. Alikikamua sana, hata tone la mwisho. Ndipo alipotambua kwamba tangu siku ile alikuwa analala kwa ubavu wa kulia, na blauzi zinapanda vizuri, na bega halijamuuma hata mara moja. Alinusa kiganja chake. Juu ya sabuni, juu ya dawa ya hospitali, kulikuwa na utomvu.

"Lala," alimwambia binti yake. "Kesho huendi shule."

"Siendi pale tena."

"Ndiyo. Hutakwenda. Utakwenda kwa shangazi yako."

Usiku ule, kwa mara ya kwanza, Kitinda alifunga mlango wa chumba chake kwa ndani.

Jumatatu palikuwa na manyunyu. Umeme aliondoka mapema, akachukua mwavuli wake nyuma ya mlango, akatembea njia aliyoizoea, akiwaza barua ya kuacha kazi na namna atakavyoianza. Kengele ililia alipokuwa getini. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mgeni wa wiki hiyo, alikuja mbio, kamba za viatu hazijafungwa, kitabu kichwani kujikinga mvua. Alisimama mbele yake akitweta.

"Shikamoo, Madamu. Samahani, Madamu. Mama anaumwa."

Alitaka kumwambia, pita, mwanangu, wahi darasani. Maneno aliyaandaa mdomoni, yalikuwa pale. Aliona dirisha la ofisi, na mkuu nyuma yake na mkono wake wa plasta, akitazama. Mkuu akavuta pazia.

Mtoto naye hakuwa akimwangalia usoni. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia, na macho yalikuwa yamemtoka. Umeme akahisi mvua kichwani, inamlowesha mpaka shingoni, akashangaa kwa nini inamlowesha na mwavuli anao. Akatazama chini kile alichokibeba kutoka nyumbani.

Kilikuwa cheupe, kimebanduliwa gome, kinachuruzika.

Nyuma ya madarasa viganja vilianza kupiga ukuta, taratibu, kama watu wanaomkaribisha mgeni jukwaani.

"Njoo," alisema Umeme, na sauti haikuwa yake. "Njoo usalimie."